Diorissimo: manukato ya ua lisilokamulika

Maua mengi yanayosifiwa kwa harufu humpa mtunzi wa manukato kitu cha kuanzia kazi. Waridi hukenekwa kwa mvuke likatoa mafuta yake, asumini huoshwa kwa viyeyushi ikaacha nta nzito iliyojaa harufu, na mlangilangi haumnyimi mtu mafuta. Muguet, ua dogo jeupe la majira ya kuchipua barani Ulaya, ni bahili. Mmea wake una majani mawili mapana na ubua mwembamba ulioinama, na kwenye ubua huo huning'inia kengele nyeupe ndogo kama punje za njegere, zenye uwezo wa kujaza chumba kizima harufu; lakini ukizichemsha harufu hiyo hutoweka, na ukizitia viyeyushi unapata mabaki machache mno yasiyofanana na ua lenyewe. Kwa hiyo manukato ya muguet yanayouzwa madukani ni kazi ya kubuni, na ubora wake hutegemea mtunzi alilinusa ua kwa makini kiasi gani kabla ya kuanza kupima viambato. Diorissimo, iliyotolewa na nyumba ya mitindo ya Christian Dior mwaka 1956, ndiyo kazi iliyolikaribia ua hilo kuliko nyingine zote ninazozijua, na historia yake inaeleza ni kwa nini.

Christian Dior alizaliwa mwaka 1905 mjini Granville, kwenye pwani ya Normandy, katika nyumba iitwayo Les Rhumbs ambayo mama yake, Madeleine, aliizungushia bustani juu ya jabali linalotazama bahari. Mapenzi ya maua aliyoyapata hapo hayakumtoka maisha yake yote. Mkusanyo wake wa kwanza wa mavazi, uliooneshwa Paris tarehe 12 Februari 1947, ulitawaliwa na sketi pana zilizofunguka kutoka kiunoni kama ua, na mwaka huohuo yakatoka manukato yake ya kwanza, Miss Dior. Hata hivyo, katika maua yote, muguet lilikuwa na nafasi ya pekee kwake. Dior alikuwa mtu wa kuamini ishara na aliwasikiliza watabiri, na ua hili alilichukua kuwa la bahati: shada lake lilishonewa ndani ya pindo za mavazi kabla hayajapanda jukwaani, na mkusanyo wake wa majira ya kuchipua ya mwaka 1954 ukapewa jina la ua hilo. Katika hilo hakuwa mbali na desturi ya nchi yake, kwani Wafaransa hupeana vishada vya muguet kila tarehe 1 Mei kutakiana heri. Dior alipotaka manukato ya muguet, basi, alikuwa anaomba hirizi yake itiwe kwenye chupa.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo ni Edmond Roudnitska, aliyezaliwa Nice mwaka uleule wa 1905. Jina lake lilikuwa limeshajulikana kwa Femme, aliyoitunga kwa ajili ya nyumba ya mitindo ya Rochas na ikatoka mwaka 1944, manukato mazito yenye harufu ya matunda yaliyoiva na viungo, na pia kwa Diorama ya mwaka 1949, aliyomtungia Dior mwenyewe. Zote mbili ni kazi kubwa, lakini ni kazi zilizojaa. Mtu anayezinusa leo anakutana na safu juu ya safu. Kufikia miaka ya 1950 Roudnitska alikuwa amechoshwa na hali hiyo. Aliona kwamba manukato ya wakati wake yameelemewa na utamu na viungo, mpaka yanakaribia harufu ya vyakula, naye akaamua kwenda upande wa pili: viambato vichache, kila kimoja kikiwa na sababu ya kuwapo. Huko Cabris, kijiji kilicho juu ya mji wa Grasse ambako alijenga makazi na maabara yake, alipanda muguet bustanini ili aweze kuinama na kulinusa likiwa hai, kisha arudi mezani kulinganisha na alichokipima.

Hapa ndipo penye utamu wa habari hii kwa yeyote anayejali namna manukato yanavyotengenezwa. Kiambato kilichokuwa msingi wa harufu za muguet kwa miongo kadhaa kilikuwa haidroksisitronelali, kilichopatikana kwa njia ya kikemia mwanzoni mwa karne ya 20 na kutumika katika manukato maarufu kama Quelques Fleurs ya kampuni ya manukato ya Houbigant ya mwaka 1912. Kina harufu laini, yenye majimaji na utamu mdogo, lakini kikiachwa peke yake kinatoa picha bapa, isiyo na kivuli. Unatambua ni muguet kama unavyomtambua mtu kwenye picha ya kitambulisho. Roudnitska alikizungushia asumini, na asumini si ua safi kama jina lake linavyodhaniwa. Ndani yake mna indoli, kiambata ambacho kikiwa kingi kinanuka uozo na kikiwa kidogo kinalifanya ua liwe na pumzi. Akaongeza ukijani wa majani na mashina, na chini kabisa akaacha joto la kinyama linalokumbusha zabadi, ute wenye harufu kali utokao kwa mnyama aitwaye fungo. Haya ya mwisho ndiyo yanayoitofautisha Diorissimo na sabuni na dawa nyingi za kusafishia zilizoiga ua hilo baadaye. Muguet halioti hewani. Huota kivulini msituni, kwenye udongo wenye majani yanayooza, na Roudnitska hakuuacha udongo nyuma.

Kwenye ngozi, manukato haya hayaanzi kwa matunda ya jamii ya machungwa yanayomeremeta kwa dakika tano na kupotea, kama yanavyoanza mengi ya Kifaransa. Kinachotangulia ni ukijani mkali kidogo, ule wa shina lililovunjwa sasa hivi na utomvu wake bado haujakauka. Baada ya muda mfupi kengele nyeupe zinafunguka, na hapo harufu ni baridi, nyororo, ina unyevu, bila sukari hata chembe. Asumini huja taratibu kutoka chini na kuipa uzito, lakini haichukui nafasi ya mwenye nyumba. Kadiri saa zinavyopita ukijani unarudi nyuma na lile joto la mwili linaonekana zaidi, hasa kwenye kiwiko na shingoni, mpaka ua na ngozi vinakuwa vigumu kutenganishwa. Huu ndio ujasiri wa Roudnitska ninaoustaajabia kuliko wote: ameshika kitu kinachohusishwa na mavazi ya harusi na usafi wa asubuhi, akakataa kukiondolea uhai wake.

Chupa za mwanzo zilikuwa za aina kadhaa, na ile ya fahari zaidi ilitengenezwa na Baccarat, watengenezaji wa vioo vya fahari wa Ufaransa, ikiwa na kifuniko cha shada la maua ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ni kitu cha watu wa minada na makumbusho, nami sina mengi ya kusema juu yake. Michoro ya matangazo iliyofanywa na René Gruau inafaa kutazamwa, kwa sababu mchoraji huyo alifanya kwa brashi kile kile ambacho Roudnitska alifanya kwa mizani: mistari michache, sehemu kubwa ya karatasi ikiachwa nyeupe.

Christian Dior alifariki ghafla nchini Italia tarehe 24 Oktoba 1957, mwaka mmoja tu baada ya manukato haya kutoka. Roudnitska aliendelea kuitungia nyumba hiyo, na mtu anayeijua Diorissimo ataona njia ileile ikiendelea katika Eau Sauvage ya mwaka 1966 na Diorella ya mwaka 1972, ambamo hewa inapita katikati ya viambato. Watunzi wengi waliomfuata walijifunza kwake kwamba kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza.

Swali ambalo mnunuzi wa leo anapaswa kuuliza ni kiasi gani cha kazi ile ya 1956 kimebaki kwenye chupa inayouzwa sasa. Muguet ndilo ua lililoguswa zaidi na kanuni za usalama, kwa kuwa linategemea viambato vya maabara. Haidroksisitronelali yenyewe imewekewa kiwango cha mwisho kwa sababu inaweza kusababisha mzio wa ngozi. Viambato viwili vilivyotumika sana katika harufu za aina hii vimeondolewa kabisa kwenye soko la Umoja wa Ulaya: Lyral, ambayo mauzo yake yalikoma mwaka 2021 kwa sababu ya mzio, na Lilial, iliyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2022 baada ya kuorodheshwa miongoni mwa kemikali zinazoweza kudhuru uzazi. Sioni sababu ya kulalamikia hatua hizo. Afya ya mtu ina uzito kuliko shingo inayonukia. Lakini ni haki kusema kwamba mtunzi anayefanya kazi ya muguet leo ana rangi chache mezani kuliko alizokuwa nazo Roudnitska.

Nikilinganisha eau de toilette, yaani toleo jepesi, ya siku hizi na manukato mazito ya zamani, ninachokikosa ni kile cha chini: ule udongo na joto la zabadi vimepungua, na asumini imekuwa safi zaidi. Kilichobaki ni sehemu ya juu, yaani ukijani na kengele, nayo bado ni nzuri kuliko muguet nyingine zinazouzwa kwa bei ya juu zaidi. Haikai siku nzima, na hilo nalikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu harufu ya aina hii ikilazimishwa kudumu hugeuka kuwa ya sabuni ya kufulia.

Anayetaka manukato yatakayotangulia kuingia chumbani kabla yake atafute kwingine. Diorissimo inamfaa mtu anayependa harufu inayosikika kwa aliye karibu, mwanamke au mwanamume, maana hakuna chochote ndani yake kinachomkataza mwanamume kuipulizia. Inapendeza zaidi wakati wa joto la kadiri; jua kali huitawanya upesi. Wanaovutiwa na chupa za zamani wakumbuke kwamba ukijani wa mwanzo ndio unaoharibika wa kwanza, na chupa iliyokaa kwenye mwanga inaweza kufunguka kwa harufu chachu kwa dakika kadhaa kabla ya asumini kujitokeza ikiwa nzima; kwa hiyo usiihukumu kwa mnuso wa kwanza wala usilipe kabla ya kuiacha ikae kwenye ngozi kwa saa nzima. Ile mpya ihifadhi kwenye boksi lake, kabatini, mbali na dirisha.