Likizo ya machipuko Ulaya: treni au ndege ya bei nafuu?

Nauli ya ndege inavutia, ila soma masharti. Tiketi ya chini kabisa ya Ryanair, shirika la ndege la bei nafuu, inaruhusu begi dogo tu la kuingia chini ya kiti, na uwanja wa Beauvais, unaoitwa wa Paris, uko kilomita 80 hivi kutoka mjini. Nauli ya basi la kukufikisha mjini unalipa mwenyewe.

Treni inakushusha katikati ya mji. Pasi ya Interrail, au Eurail kwa asiyeishi Ulaya, ni tiketi moja ya treni nyingi; inatumika nchi 33, na vijana hadi miaka 27 wana punguzo. Ujerumani na Austria treni nyingi unapanda tu kwa pasi hiyo. Ufaransa na Hispania, treni za kasi zinataka ulipie nafasi juu ya pasi.

Anayezunguka Vienna, Salzburg na Munich, namshauri treni bila kusita. Lisbon hadi Athens, apande ndege.