Uzoefu wangu: kupiga video na kamera ya picha za mnato

Watu wanauliza sana kama hizi kamera za picha za mnato, zile za kubadilisha lenzi, zinaweza kutoa video ya maana. Zinaweza, mi ndo natumia hiyo hiyo. Tangu 2008 zilipotoka Nikon D90 na Canon 5D Mark II watu wanapiga nazo kazi. Ila lazima ujifunze, maana ukiiacha kwenye oto kila sekunde inataka kurekebisha kitu, mtu wa shati jeupe akipita mbele picha yote inaingia giza halafu inarudi, fokasi nayo inaenda mbele inarudi nyuma kama mlevi anatafuta mlango, na rangi ya sura inabadilika katikati ya sentensi. Kwa picha moja moja hutaona hayo, kwa video yanaudhi kweli.

Kwa hiyo weka manyuo, yaani urekebishe kila kitu mwenyewe, anza na shata, ule muda lenzi inapokea mwanga kwa kila picha. Ukirekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde weka 1/50 ya sekunde, yaani mara mbili ya fremu, hapo mtu akipunga mkono unapita laini machoni. Ukipandisha 1/500 kama ulivyozoea kwenye picha, mwendo unakuwa wa kukatakata. Tena kama umeme wako ni wa hezi 50, hiyo 1/50 inakuondolea ile mistari myeusi inayotambaa kwenye skrini chini ya taa za tyubu (umeme wa hezi 60 nenda fremu 30 na 1/60).

Sasa toka nje juani ndo utaipata! ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) umeshusha mpaka 100 bado picha nyeupe pe, ukibana tundu la lenzi hadi f/16 ule ukungu mzuri wa nyuma ya mtu umepotea na ndo uliokufanya uitake kamera hii. Dawa yake ni filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Usipuuze hiki kitu, mi nakiona cha lazima kuliko lenzi ya pili.

Sauti jamani, hapo ndo pana kazi. Maiki ya ndani ya kamera inanasa mota ya lenzi ikihangaika na fokasi, inanasa vidole vyako, upepo ndo usiseme. Halafu ile oto ya sauti, anayeongea akinyamaza kidogo tu inapandisha mchakacho shhhh, akianza tena inashuka, kwa hiyo izime na uweke mwenyewe. Kabla hujanunua hakikisha ina tundu la maiki la mm 3.5, nyingi za bei ya chini hazina. Yangu haina, natumia simu: naiweka mfuko wa shati wa anayeongea irekodi pembeni, napiga kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti naoanisha ule mlio na viganja vikigusana, nafuta sauti ya kamera kabisa. Inatoka safi mpaka watu wanauliza natumia maiki gani.

Mengine madogo madogo. Kadi chukua yenye alama ya V30 (ya kasi ya kurekodi video), betri uwe na ya akiba maana video inainyonya balaa, na kama kamera yako ni DSLR, zile zenye kioo cha ndani kinachoakisi picha kwenye tundu la kuchungulia, sahau kuchungulia kwa jicho, video unaitazama skrini tu na juani huoni kitu. Zingine, hasa za zamani, zinajikata zenyewe dakika 29 na sekunde 59, sio mbovu hiyo, ilitokana na ushuru ambao Ulaya ilikuwa inatoza kamera za video, zikawekewa kikomo zisihesabiwe kama hizo.

Kwa mahojiano, mapishi, kufundisha kitu mezani, kamera imetulia kwenye tripodi, naipa nyota nne. Ya kukimbizana na watoto au mechi hapana, fokasi ya video ya hii yangu haiwezi hiyo mbio, toa simu tu.