Meseji ya kujitumia mwenyewe WhatsApp: uzoefu wangu kama fundi mwenye mawazo mengi

Kwa mwenye haraka naanza na hukumu. Kama akili yako haitulii sehemu moja, acha kutafuta programu mpya. Fungua WhatsApp uliyonayo, jitumie meseji mwenyewe, na hapo hapo pawe daftari lako. Naipa nyota nne kati ya tano, na iliyobaki nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Kazi yetu ni ya kukatizwa kuanzia asubuhi. Umeshika mkasi, mteja anaingia na kitenge chake, hujamaliza kumpima simu inaita, mwingine kasimama mlangoni anaulizia sare ya mtoto, na pasi iko moto. Aliye na utulivu wa kuzaliwa nao anayapita hayo bila shida. Sisi ambao wazo jipya likiingia la zamani linatoka, tunahitaji mahali pa kulitua lile la zamani haraka, kabla halijaondoka.

Watu hutushauri tupakue programu za kupangia kazi. Zipo nyingi, na Google Keep au Microsoft To Do ni nzuri kweli na hazilipiwi. Ila lazima ukumbuke kuzifungua, na kukumbuka ndiko tunakopungukiwa. WhatsApp haihitaji kukumbukwa. Wateja wangu wamo humo, ndugu wamo humo, mkono unaenda wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Uwezo wa kujitumia meseji uliwekwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2022. Ukibonyeza alama ya kuanzisha gumzo jipya, unaona jina lako mwenyewe kwenye orodha ya watu. Liguse, andika neno lolote, tuma. Kisha rudi nyuma, shikilia hilo gumzo kwa kidole mpaka lichaguliwe, ulibandike likae juu kabisa. Usiporuka hatua hiyo ya kubandika, utadumu nalo. Ukiiruka, magrupu yatalizika siku hiyo hiyo.

Sasa namna ninavyolitumia. Kila ninachoandika huanza na neno moja la kudumu kwa herufi kubwa: VIPIMO, DENI, NUNUA, AHADI. Chukua mfano huu wa kweli wa jinsi meseji inavyokaa: "VIPIMO mama wa duka la dawa. Bega 16, kifua 40, kiuno 34, nyonga 44, urefu 56. Mikono mifupi, bitana ndani, zipu ya nyuma. Katanguliza 20,000 bado 15,000. Ijumaa." Naiandika mteja akiwa bado amesimama, futi kamba iko shingoni, kisha namsomea kwa sauti asikie. Akirudi baada ya miezi na kitambaa kingine, naandika "VIPIMO duka la dawa" kwenye sehemu ya kutafuta na vinakuja. Bila lile neno la mwanzo, ungeperuzi mpaka macho yaume.

Picha nazo zina siri yake. Mteja akinitumia picha ya mshono anaoutaka, naisambaza kwenye gumzo langu. Kitambaa chenyewe nakipiga picha, na kabla ya kutuma naandika maelezo chini yake: jina la mteja, kitenge cha njano, yadi nne. Hayo maelezo ndiyo yanayotafutika. Picha tupu utaitafuta kwa macho tu, na ukiwa na vitenge vya njano vingi hiyo ni kazi ya nusu saa.

Mikono ikiwa na chaki au pasi natumia sauti. Shikilia kipaza sauti, sukuma kidole kwenda juu, kinajifunga na kuendelea kurekodi huku umekiachia. Ila sauti naichukulia kama ya muda. Nikikaa, naisikiliza na kuiandika kwa maneno, kwa sababu sauti ukiiacha hivyo hivyo haitokei unapotafuta neno.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye DENI nimeona ukweli wake. Na si madeni ya dukani peke yake. Michango ya harusi, kwa mfano. Unaahidi kwenye kikao, grupu linaandika meseji mia, wiki ya kamati kufuatilia hujui uliahidi ngapi. Neno AHADI linanisaidia hapo kuliko orodha ya mweka hazina. Tokeni za LUKU pia nazihamishia humo, maana ni tarakimu 20 na SMS yake huzama kati ya matangazo. Kontroli namba ya malipo ya serikali, vile vile.

Kuna jambo jingine watu hawalijui. Ndani ya gumzo lenyewe unaweza kubandika meseji moja moja zikae juu, kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na zinaruhusiwa tatu. Mimi Jumatatu naandika oda zote za kukabidhi wiki hiyo kwenye meseji moja, naibandika kwa siku 7. Nikifungua, ndiyo ya kwanza kuiona. Wiki ikiisha inajibandua yenyewe, naandika nyingine. Na bando likikata, bado unaandika: meseji inakaa pale na alama ya saa ikisubiri mtandao, lakini wewe unaisoma kama kawaida.

Nyota niliyoizuia iko kwenye hili: daftari linatunza, haliiti mtu. Mwenye mawazo mengi anahitaji vitu viwili tofauti, pa kuweka na pa kuitwa, na wengi tunadhani kimoja kinatosha. Kazi ya kuniita nimeipa alamu ya simu. Alamu za simu nyingi zina sehemu ya kuandika jina, na hapo usiandike "kumbuka", andika kitendo. "Zima jiko la maharage." "Mchukue mtoto shule." "Toa pasi kwenye soketi." Simu ikilia bila jina, unaizima na kubaki unajiuliza ilikuwa ya nini. Yenye jina unainuka. Kwa mambo ya mbali, kama kukatia bima ya pikipiki au ada ya muhula, naweka kwenye kalenda ya Google, ijirudie kila mwaka, na naiwekea taarifa mbili: moja wiki nzima kabla ili nitafute hela, nyingine siku moja kabla.

Angalia sana saa zetu. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Miadi ya saa tisa alasiri ukiiandika 9, itakuita saa tatu asubuhi. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, halafu zoea kuandika 15:00. Ukishazoea, wasiwasi wa asubuhi na jioni unaisha kabisa.

Kelele za magrupu nazo zipunguze, maana daftari lako liko nyumba moja nazo. Yale ya kamati na ya ukoo nimeyanyamazisha moja kwa moja, na yaliyokwisha kazi nimeyaweka kwenye kumbukumbu. Huko yanabaki hata meseji mpya zikiingia. Nayapitia jioni baada ya kufunga duka. Mwenye dharura ya kweli atapiga.

Usalama. Namba ya siri ya benki au ya pesa za simu usiiweke humo, hata kwa mafumbo. Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo inasema mengi juu yako. Kama huna budi kuitunza humo, lifunge gumzo kwa alama ya kidole. WhatsApp inaruhusu kufunga gumzo moja moja tangu 2023. Mafundi wenzangu tunaowapa wateja simu zetu waangalie mishono, hili lituhusu zaidi.

La mwisho ni nakala rudufu, na hapa nawasihi msilale. Simu ikiibiwa, laini utairudisha kwa alama ya kidole kwa wakala, lakini vipimo vya wateja havirudi kama hukuhifadhi nakala. Kwa simu ya Android, ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya magumzo, kisha nakala rudufu, chagua Google Drive, na uondoe video ili isimeze bando. Kama huna Wi-Fi, ruhusu itumie data ya simu na uipangie mara moja kwa wiki. Kwenye Android, nakala hiyo sasa inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti ya Google, pamoja na barua pepe na picha zako. Picha za mishono zikijaza nafasi, nakala inagoma. Mimi kila mwisho wa mwezi nafuta picha za nguo zilizokwisha kabidhiwa, vipimo naviacha. Ukitumia njia hii, anza na hiyo nakala leo kabla hujaandika kipimo cha kwanza.