AssertJ: maktaba ya kuhakiki inayosema wazi palipoharibika

Ninaandika programu za SACCOS: akiba, mikopo, marejesho, riba. Tunatumia Java. Salio la mwanachama likipungua hata senti moja, mhasibu ataliona mwisho wa mwezi na mtu atapigiwa simu. Ndiyo maana majaribio ya msimbo nayachukulia kwa uzito, na maktaba ninayohakikia thamani ndani ya majaribio hayo ni AssertJ. Naipenda, nitasema kwa nini, na nitasema pia pale inapomtaka mtu awe macho.

Wengi wenu mnayo tayari. Ukiweka spring-boot-starter-test, furushi la majaribio la Spring Boot, kwenye mradi, AssertJ inaingia humo humo pamoja na JUnit (inayoendesha majaribio) na Mockito (inayotengeneza vitu bandia vya kujaribia). Ni bure, kwa leseni ya Apache 2.0. Joel Costigliola aliianzisha mwaka 2013 kutokana na maktaba ya FEST Assert, na matoleo ya 3 yanahitaji Java 8 au ya juu zaidi.

Uzuri wa maktaba ya namna hii unaonekana jaribio likifeli. Likipita, zote ni sawa tu. Tuseme una orodha ya wadhamini wa mkopo na unataka kuhakikisha Rehema yumo. Kwa JUnit peke yake watu wengi huandika assertTrue(majina.contains("Rehema")). Likifeli, unaambiwa ilitarajiwa kweli, ikapatikana si kweli. Basi. Nani yumo? Nani hayumo? Orodha ilikuwa tupu? Itabidi ufungue kihariri uanze kuchapisha thamani moja moja. Kwa AssertJ unataja orodha yote unayoitarajia, kwa mpangilio wake, hivi:

assertThat(majina).containsExactly("Asha", "Rehema");

Likifeli linakuonyesha orodha nzima ilivyo, kisha nani alitarajiwa asionekane, kisha nani ameonekana bila kutarajiwa. Mara nyingi ukisoma ujumbe huo umeshajua mstari wa kwenda kurekebisha. Jambo jingine: unaanza na thamani uliyonayo, halafu ndiyo unataja unayoitarajia. assertEquals ya JUnit inataka inayotarajiwa itangulie, na mtu akizigeuza, ujumbe nao unageuka na kumpeleka msomaji njia isiyo.

Kwenye fedha ndipo AssertJ iliponishika. Chukua mkopo wa shilingi 1,000,000 unaolipwa kwa awamu 3. Ukigawa na kubakiza desimali mbili, kila awamu ni 333,333.33, na zote tatu zinafika 999,999.99. Senti moja imepotea, na mkopo huo hautafungwa kamwe kwenye mfumo. Jaribio langu ni mstari mmoja:

assertThat(jumla).isEqualByComparingTo("1000000");

Ujumbe unataja namba zote mbili, moja chini ya nyingine, na mtu yeyote wa hesabu anaelewa papo hapo kwamba awamu ya mwisho inapaswa kuwa 333,333.34. Angalia pia jina la mbinu (method) niliyotumia. Ukiandika isEqualTo kwa BigDecimal, aina ya Java ya namba za desimali zisizopoteza usahihi, 1500.0 na 1500.00 zitahesabiwa kuwa tofauti, kwa sababu Java inatazama hata idadi ya tarakimu baada ya nukta. isEqualByComparingTo inatazama thamani yenyewe. Kwa anayeandika mambo ya pesa, hii tu inatosha kuiweka maktaba kwenye mradi.

Sasa tahadhari, na hii naomba isomwe polepole. Mbinu za orodha ni nyingi na majina yanafanana: contains, containsOnly, containsExactly, containsExactlyInAnyOrder. Anayechagua kwa kubahatisha atachukua containsOnly, maana inasikika kali. Lakini containsOnly haijali marudio. Kama risiti ya malipo A imeingizwa mara mbili, na B mara moja, uhakiki wa containsOnly("A", "B") utapita bila kulalamika. Mwanachama ameandikiwa malipo mara mbili na jaribio ni la kijani! Mpangilio usipokuwa na maana kwako, tumia containsExactlyInAnyOrder; hiyo inahesabu kila kimoja.

allSatisfy nayo, ikipewa orodha tupu, inapita, kwa kuwa hakuna hata kimoja kilichovunja sharti. Tanguliza isNotEmpty.

Halafu kuna ukimya ulio mbaya zaidi: assertThat(salio.equals(lililotarajiwa)); na mstari ukaishia hapo. Hakuna kilichohakikiwa. Lazima kifuate isTrue au kingine. Zana za kukagua msimbo kama Error Prone zinaweza kukamata kosa hili, kwa hiyo ziwasheni. Na maelezo unayoyaweka kwa as() yatangulie uhakiki. Yakija nyuma yake, jaribio likifeli hayatokei kwenye ujumbe.

Kulinganisha kitu kizima, kwa mfano mwanachama mwenye anwani na warithi ndani yake, kunafanywa na usingRecursiveComparison. Inashuka uga kwa uga (sehemu moja moja ya data ya kitu hicho) na kukutajia kila uliotofautiana, hata ule wa ndani kabisa kama anwani.mtaa. Unaweza kuiambia iruke namba ya utambulisho inayotolewa na hifadhidata. Ila ujue kwamba isipoambiwa haijali aina: vitu viwili vya madaraja (class) tofauti vyenye uga zinazolingana vitaonekana sawa. Na BigDecimal zilizomo ndani zinarudi kwenye ule mtego wa 1500.0, mpaka uipe kilinganishi chake kwa withComparatorForType.

Tarehe ziko vizuri sana, isBefore na isBetween zinapokea hata maandishi ya kawaida kama "2024-03-31". Uhakiki laini nautumia kwenye ripoti pekee: assertSoftly inakusanya makosa yote na kuyatoa kwa pamoja, hivyo taarifa ya mizania yenye mistari mitano mibovu inaonyesha yote mitano kwa mkupuo mmoja.

Hamcrest, maktaba nyingine ya kuhakiki, bado ni nzima, lakini kwayo lazima ukumbuke majina ya vilinganishi na kuviingiza kimoja kimoja. AssertJ ukibonyeza nukta, kihariri kinakuletea mbinu zinazofaa aina hiyo ya thamani. Truth ya Google inafanana nayo na ina mbinu chache zaidi. Kwa timu yenye vijana wanaoanza, ambao utitiri wa mbinu za AssertJ unawachanganya, ningeanza na Truth bila kusita. Kwa mfumo wa fedha uliokwisha kujaa BigDecimal na tarehe, AssertJ, nyota nne na nusu. Hiyo nusu iliyobaki ningeitoa siku containsOnly itakapopewa jina linalotaja marudio.