Tiketi ya mwezi ya Ujerumani: maoni ya konda mstaafu wa Tanga

Miaka 19 nimening'inia kwenye milango ya daladala hapa Tanga. Kwa hiyo mkiniuliza habari za Ujerumani, majumba na baridi nawaachia wengine. Mie nilitazama nauli.

Binti yangu anaishi Hamburg na mumewe. Juni na Julai 2025 nilikuwa kwao, na siku ya pili tu mkwe wangu akaniwekea kwenye simu kitu kinaitwa Deutschlandticket. Euro 58 kwa mwezi, zaidi ya laki na nusu ya kwetu. Nikakunja uso. (Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa 49, na kuanzia Januari 2026 ni 63. Kumbe hata kwao nauli hupanda.) Lakini kwa pesa hiyo unapanda basi, treni za chini ya ardhi na treni za mikoani, nchi nzima, hata mara ishirini kwa siku. Zisizokubali ni zile treni za kasi za masafa marefu. Huko usijaribu.

Kilichonitatiza ni kwamba hakuna anayekuuliza. Stesheni haina geti. Unashuka ngazi, treni inakuja, unaingia, basi. Wiki nzima ya kwanza nilikaa na simu mkononi namsubiri konda. Kwa mazoea nikawa nahesabu vichwa, napiga hesabu ya pesa inayopotea, roho inaniuma kama gari ni langu. Wiki ya pili ndipo nikawaona: watu wawili wenye nguo za kiraia, nilidhani abiria wenzangu, wakatoa vitambulisho wakaanza kukagua. Kijana mmoja hakuwa na tiketi. Akaandikiwa euro 60, kwa sauti ya chini kama wanasomeana barua ya posa. Hakuna abiria aliyeinua hata macho. Kwetu hapo gari zima lingeshageuka mawakili, nusu wa kijana, nusu wa konda, na mama mmoja kiti cha nyuma angemlipia ili tuondoke.

Tiketi ni ya jina lako, kwa hiyo tembea na pasi. Na simu ikizima chaji, na tiketi imezima.

Utamu wake nimeuona majini. Pale Landungsbrücken, bandarini, ipo boti namba 62 iendayo Finkenwerder, na tiketi ni hiyo hiyo. Watalii wanalipia boti za matembezi kuitazama bandari ile ile. Mie napanda na watu wanaotoka kazini, nakaa juu, upepo unanipiga, naangalia meli za makontena. Nimepanda mara kumi na moja. Binti akaniuliza, "Baba, kwani ng'ambo kuna nini?" Hakuna kitu. Hata Pangani huwa navuka kwenda Bweni na kurudi bila shughuli yoyote.

Siku moja nikaenda Eckernförde, mji wenye udugu na Tanga yetu tangu 1963. Unabadilisha treni Kiel. Ile ya kwanza ilichelewa dakika 35, watu wakawa wanatazama saa na kuguna. Dakika 35! Kwetu stendi, hiyo ni saa ya kunywa kahawa tu. Kule wana visamaki vyembamba wanavyovikausha kwa moshi mpaka vinakuwa rangi ya dhahabu, na unakula chote, kichwa na mkia. Muuzaji akaanza kunielekeza namna ya kula. Mtu wa Tanga, anafundishwa kichwa cha samaki.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kujitoa. Tiketi inajirudia yenyewe kila mwezi, na ukitaka iishe mwezi huo sharti utoe taarifa mpaka tarehe 10. Binti alikumbuka tarehe 12 Julai. Kwa hiyo Agosti nzima mie niko barazani Ngamiani na kahawa na kashata, na tiketi ya Ujerumani iko hai mfukoni. Vijana wa kijiweni wakanitia ujinga, nikaionyesha kwa konda wa gari la Raskazone. Akaishika simu, akaitazama vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Nzuri sana hii. Nauli?"