Maziwa gani yanafaa kwa kinywaji cha viungo cha Imbolc? Tunachambua yanayouzwa Goma

Jambo sana, mama na papa mnaotuangalia. Leo mezani tuna maziwa ya aina tatu: ya ng'ombe kutoka Masisi, yaliyoshuka mjini kwa bidoni, ya pakiti, yale yanayokaa miezi bila frigo, na ya unga. Yote tunayapima kwa kazi moja, kinywaji cha maziwa, asali na viungo cha kutosha watu 10. Wapagani wa leo, yaani wanaofufua dini za kale za Ulaya, hukinywa kwenye mikusanyiko yao, hasa Imbolc, tarehe 1 Februari, sikukuu yenye asili ya Ireland inayohusishwa na Brigid, mungu wa kike wa kale wa huko, na kondoo wanaoanza kutoa maziwa wakati majira ya baridi yanaelekea kuisha. Huku kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, ila maziwa tunayo mwaka mzima. Na kwa kuwa wengi wao humwaga kikombe cha kwanza chini kama sadaka, hatukubali kuona sadaka ya maziwa yaliyokatika.

Tuanze na ya Masisi, matamu kuliko yote. Yana mafuta mengi, na harufu ya iliki na mdalasini hukaa kwenye mafuta. Shida yake ni safari. Bidoni ya plastiki haioshwi ikatakata kirahisi, jua linapiga, na maziwa yanaanza kuchacha kabla ulimi haujajua. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga lita 2 kwenye sufuria, chota vijiko viwili vya supu uvichemshe peke yake. Ukiona chembe nyeupe zinajitenga na maji ya njano, hayo hayafai kwa kinywaji hiki. Usijaribu kuyaokoa kwa sukari. Yakipita, yachemshe yote mpaka yapande, kisha yaache yaendelee kuchemka dakika 3 huku unakoroga. Maziwa mabichi hayanywewi, hata kwa sadaka ya pamoja: yanaweza kubeba brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na kifua kikuu.

Ya pakiti yameshapikwa kiwandani, yana ladha kidogo ya kuchemshwa. Unayapasha tu mpaka mvuke utoke, basi. Ni salama na hayana usumbufu, ila kwa lita 2 mfuko utalia.

Ya unga ndiyo tunayopendekeza kama watu ni wengi na hujui muuza maziwa wako. Gramu 130 kwa lita moja ya maji, kwa hiyo 260 kwa lita 2. Maji yawe vuguvugu; yakiwa yanachemka, unga unafanya madonge. Koroga kwanza unga wote na maji kidogo mpaka uwe uji mzito laini, halafu ongeza maji mengine. Na hapa tunawaomba sana, geuzeni kopo msome nyuma. Ikiandikwa « matière grasse végétale », mafuta ya maziwa yametolewa yakawekwa ya mimea. Si sumu, lakini kinywaji kinabaki chepesi na kinaacha utando mdomoni.

Sasa viungo, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa. Ukiiponda na kuitupa moja kwa moja kwenye maziwa ya moto, yanakatika hata kama yalikuwa mapya asubuhi ileile. Dawa yake ni maji. Weka mililita 300 za maji kwenye sufuria ndogo, tangawizi iliyopondwa ukubwa wa kidole gumba, vijiti 2 vya mdalasini, iliki 8 zilizopasuliwa na karafuu 4. Chemsha dakika 10, ukifunika. Moto unaua kile kimeng'enya, harufu inabaki. Chuja, ndipo umimine kwenye maziwa.

Karafuu 4 zinatosha. Zikifika 10 hutasikia kitu kingine, na ulimi utakufa ganzi. Mdalasini wa unga tunaukataa: unateleza kama ute na kuzama chini, mtu wa mwisho anakunywa tope. Iliki nunua zikiwa na ganda lake la kijani, kwa sababu iliyosagwa zamani haina harufu tena. Kungumanga, ukipenda, kwangua robo ya kijiko cha chai juu ya vikombe. Isizidi hapo, kwa wingi inadhuru.

Moto wa makala hauna kitufe cha kupunguza. Kabla ya kuweka maziwa kwenye mbabula, suuza sufuria kwa maji baridi bila kuifuta, kisha tandaza majivu juu ya makala mpaka wekundu ufifie. Kijiko cha mti kipite chini kabisa, kwenye kona za sufuria, maana hapo ndipo yanapoungua kwanza. Yakishika, usikwangue: hamisha ya juu kwenye sufuria nyingine, la sivyo harufu ya kuungua itaingia yote.

Asali inakuja mwisho, sufuria ikiwa imeshatoka motoni na mvuke umepungua. Asali ina asidi. Ikikutana na maziwa yanayochemka ambayo si mapya sana, inaweza kuyakata, na moto mkali unaipotezea harufu. Vijiko 6 vya supu kwa lita 2, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili, koroga, onja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa, kwa ajili ya asali.

Termosi isuuze kwa maji yanayochemka kabla ya kujaza, kinywaji kikae cha moto mpaka wakati wa kugawa. Kikipoa mezani zaidi ya saa 2, kimwageni. Na kikombe cha sadaka kitoeni cha kwanza, kabla hamjakwangua kungumanga, kwa sababu wengine hupenda kumwaga maziwa na asali bila kitu juu, namna Wagiriki wa kale walivyowamwagia wafu wao.