Nilipeleka sikio kliniki, nikarudi na ugonjwa wa mifupa

Nyota tatu kati ya tano. Jina la kliniki silitaji, ila ni ya binafsi, iko hapa Mbeya mjini.

Nina miaka 36, cherehani yangu iko Mwanjelwa. Sikio la kushoto lilianza kupungua kama miaka miwili hivi, na kilichonichanganya ni kwamba sokoni nasikia vizuri kuliko nyumbani. Bajaji zinapiga honi, spika za wauza mitumba zinapayuka, na mteja namsikia. Jioni chumba kimetulia, mume wangu akisema neno nauliza "eeh?" mpaka anachoka. Wakaanza kunisema kwamba nachagua cha kusikia.

Kwenye vipimo nawapa sifa zao zote. Waliangalia ndani kwa taa, ngoma ya sikio nzima, usaha hakuna, uchafu hakuna. Kisha dada mmoja akachukua chuma chenye umbo la uma, akakigonga, akakishikiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu akakileta mbele ya tundu. Kule nyuma mlio ulikuwa mkubwa kuliko mbele. Kumbe kwa sikio zima huwa kinyume. Baadaye nikaingizwa kwenye kachumba kadogo, nikavalishwa vya masikioni, kila nikisikia mlio hata wa mbali nabonyeza kitufe. Hakuniharakisha hata kidogo. Vyote 45,000, ila kadi ya bima hawakuipokea.

Shida ilikuja kwenye majibu. Daktari aliongea akiwa anaandika, kichwa chini: otosklerosisi, mfupa umekaza, rudi baada ya miezi miwili. Mtu amekuja kwako kwa sababu hasikii, wewe unaongea na meza! Nikadaka mwanzo wa neno na mwisho wake tu. Sasa mama yangu yuko Tukuyu, mwaka 2021 aliteleza kwenye tope akavunjika mkono, akaambiwa ana osteoporosisi. Basi mimi nikasikia ugonjwa wa mama. Nikauliza, "Ule wa mifupa, dokta?" Akajibu, "Ndiyo, ni mfupa." Na wala hakudanganya.

Duka la dawa nao wakaisoma kadi kwa ule mwandiko, wakanisikiliza na mimi nilivyojieleza, wakaniuzia kalsiamu na vitamini D. Miezi miwili nameza vidonge, nakunywa maziwa, ndoo ya maji nabebewa na watoto nisije nikavunjika kiuno. Mama kwenye simu: "Pole mwanangu, umenirithi." Sikio lenyewe liko palepale.

Tarehe ya kurudi nikamkuta daktari mwingine, mtu mzima. Nilipomweleza habari za kalsiamu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika maneno yote mawili kwa herufi kubwa, moja juu ya lingine. OTO ni sikio, OSTEO ni mfupa, yote ya Kigiriki. Ya mama ni mifupa ya mwili kupungua uimara, inakuwa na vitundu, inavunjika kirahisi. Yangu ni mfupa unaoota mahali pasipotakiwa ndani ya sikio, ukakibana kimfupa kiitwacho kikuku, kidogo kuliko vyote mwilini, kama milimita 3 tu. Kikikwama hakitikisiki, na sauti inaishia hapo. Ule uma ukiwekwa nyuma ya sikio, mlio unapita kwenye fuvu na kuikwepa njia iliyoziba. Na sokoni je? Pale watu wanapaza sauti wenyewe kushinda kelele, wakati kelele yenyewe inanifikia imepungua. Nilitaka nimpigie mume wangu simu palepale.

Akaniambia hata mimi naweza kuwa nimerithi, maana ugonjwa huu hutembea kwenye familia na huwapata zaidi wanawake, ila sikuurithi kwenye mkono wa mama. Halafu akaongeza kwamba kuna na osteosklerosisi, mfupa kuwa mgumu kupita kiasi. Hapo nikamwambia dokta, inatosha.

Tiba nilipewa mbili za kuchagua: kifaa cha kusikia, au rufaa ya Dar kwenda kufanyiwa upasuaji wa kukibadilisha hicho kimfupa. Nimeanza na kifaa. Siku ya kwanza kelele za mkasi wangu mwenyewe zilinishtua.

Nyota mbili nimezikata kwa yule wa kwanza. Ukienda, wahi asubuhi kabla foleni haijajaa, na usitoke bila jina la ugonjwa kuandikwa kwa herufi zinazosomeka. Ulisome mbele yake.

Kalsiamu ilibaki kopo moja na nusu. Mama alimwuliza daktari wake kwanza, akaruhusiwa, nikampa kondakta wa Tukuyu ampelekee. Jioni akapiga, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwanangu." Nilimsikia kwa sikio la kushoto.